Mstari wa Chini

Tajiri Mselemu alimvamia mchapaji Mashavu kwenye fremu ya duka aliyompangisha.

"Nichapie hundi za akaunti ya shemeji yangu mjane, zisomeke na mashine ya benki. Sahihi yake nitaiga mwenyewe. Ukikataa, hama leo!"

"Ya nini kugombana, bosi? Wino wa sumaku unaosomwa na mashine ninao."

Jioni Mashavu alimkabidhi kitabu cha hundi. "Soma hapa juu: jina lake, namba yake. Mstari wa chini ni wa mashine, usikuumize kichwa."

Mselemu akasoma juu, akatabasamu, akaenda kununua gari kwa hundi.

Wiki iliyofuata alirudi akihema. "Fedha zimetoka kwangu! Namba yangu uliyoweka mstari wa chini uliipata wapi?"

"Si ndiyo akaunti ninayokuwekea kodi kila mwezi?"

"Nakwenda polisi!"

"Nenda, bosi. Ukawaambie ulitaka zitoke kwa nani."