Mlio Uliobadilika

Mama zangu na dada zangu, mfano huu nilipewa na Atuganile wa jumuiya ya kule bondeni, siku tulipokuwa tunamenya ndizi za harusi. Alisimulia huku kisu chake kikienda, hata usoni hakuniangalia. Mimi si msemaji, mnanijua. Mkiona nimeinamia karatasi, nivumilieni.

Palikuwa na mwanamke mmoja ambaye mumewe alikuwa dereva wa bodaboda. Nyumba yao ilikuwa juu mlimani, na chini kabisa palikuwa na daraja la mbao. Jioni, pikipiki ilipovuka lile daraja na kuanza kupanda, mke aliisikia. Zilipita pikipiki nyingi pale, lakini ya mumewe aliitambua kama unavyotambua kilio cha mwanao kati ya watoto kumi. Akiisikia tu, anabandika maji ya ugali. Mume akifika, akivua kofia yake ngumu na kunawa, maji yanachemka. Hawakuwahi kupatana hivyo kwa maneno. Ndivyo walivyoishi.

Siku moja mume akafika na kukuta jiko limelala, sufuria bado imefunikwa. Akauliza kulikoni. Mke akajibu kwamba amepitiwa. Lakini hakuwa amepitiwa. Pikipiki aliisikia ikivuka daraja, akasema moyoni, hiyo ni ya mtu mwingine. Ndani ya mlio wake mlikuwa na kitu kinagonga, kama punje moja ya hindi kavu ndani ya kibuyu, na kilima kilivyozidi ndivyo punje ilivyozidi kugonga.

Je, alimweleza mumewe? Hakumweleza. Alijiambia, mimi niliishia darasa la saba, mambo ya injini nitayajulia wapi? Kesho yake akabandika maji kwa kuufuata ule mlio mpya, na kesho kutwa vivyo hivyo, na baada ya wiki mbili ukawa ndio mlio wa nyumba yao. Nawauliza, sisi tumezoea mangapi kwa namna hiyo?

Sasa, pale kijiweni kwao palikuwa na fundi ambaye sikio lake la kushoto lilikufa kwa makelele ya gereji. Kwenye lile la kulia aliegemeza mpini wa bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini inayounguruma, akasikiliza kama daktari. Na alikuwa na utaratibu mmoja uliowachekesha madereva wote. Hafungui injini ya mtu mpaka aletewe yule anayemsubiri mtu huyo nyumbani. Alisema dereva anashinda amekalia kelele, kwa hiyo haisikii tena. Anayeisikia ni anayeingoja.

Yule mume alikwenda kubadilisha oili tu. Fundi akaweka bisibisi yake, akasikiliza, halafu akamwambia siku ya soko aje na mkewe.

Siku ya soko mke akashuka, mtoto mgongoni. Vijana wa kijiweni hawakumwacha apite hivihivi.

"Leo shemeji ndiye fundi," akasema mmoja.

"Shemeji, na yangu utaisikiliza? Tangu juzi inapiga chafya."

Wakacheka. Fundi hakucheka. Akapiga kiki, injini ikawaka, akamgeukia yule mwanamke.

"Shemeji, huu ndio mlio unaoujua wewe? Ndio huu wa mwaka jana?"

Mwanamke akaisikia ile punje. Aliisikia wazi kabisa. Akainamisha macho pale chini palipomwagika oili. Akawafikiria wale wanaume. Akafikiria, nikisema umebadilika, wakafungua wasikute kitu, mume wangu atachekwa mpaka Krismasi. Akamtazama mumewe. Mumewe naye alikuwa anamtazama yeye.

"Ni uleule," akasema.

Fundi akamwuliza mara ya pili, kwa sauti ya chini, kama ana hakika. Akajibu kwamba ana hakika. Fundi akaifuta bisibisi yake kwa tambara, akasema kama ni hivyo basi sikio lake moja halina ubishi na masikio yao manne.

Siku ya nne asubuhi, pikipiki ikiteremka kuelekea darajani, injini ikanoki, kama wanavyosema mafundi. Kile chuma kinachosukuma pistoni kilikuwa kikilika siku zote zile. Kilikatika, tairi la nyuma likakwama hapohapo. Mke alikuwa uani anafua. Alisikia mlio ukikatika katikati, kisha kimya. Alikimbia mlima mzima na povu mikononi.

Mume hakufa. Ila mguu ulivunjika mara mbili, na mpaka leo haukunji goti.

Wiki ya tatu hospitalini, mke alishindwa kubeba alichokibeba. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba watoto, nisamehe. Ule mlio niliusikia. Pale kwa fundi niliusikia, nikaficha."

Mume akautazama mguu wake ulioning'inizwa.

"Hata mimi niliusikia," akasema. "Mwezi mzima."

"Sasa mbona hukusema?"

"Pikipiki ingelala gereji wiki mbili, na nyinyi mngekula nini? Nilikuwa nakutazama useme wewe, ili nisiwe mimi. Uliposema ni uleule, nikashukuru."

Wapendwa, watu watatu walisimama kando ya injini moja inayogonga, na wote watatu waliisikia. Masikio yalikuwepo. Kila mmoja alingoja mdomo wa mwenzake.

Na sisi je? Binti aliyekuwa anaimba akichota maji, siku hizi hachoti kwa wimbo. Baba anaondoka kwenye chakula, sahani ina nusu. Tunasikia, halafu tunasema amechoka tu, ni uleule. Tunaogopa kuchekwa. Tunaogopa kwamba ikifunguliwa, itatuchukua wiki mbili. Na wao wanatutazama machoni, wanangoja tuseme sisi.

Atuganile alipofika hapo ndizi zilikuwa zimekwisha, akainuka kwenda kuziosha. Mimi nilibaki na maganda mapajani. Nilikuwa namfikiria mama yangu. Kila Jumapili tunaongea kwenye simu, na tangu Pasaka ananiambia hajambo. Lakini hawaulizii tena wajukuu mmoja mmoja kwa jina, na kabla ya kunijibu huvuta pumzi mara mbili. Nami nilikuwa namjibu, haya mama, tumshukuru Mungu, kisha nakata simu.

Kesho yake asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda gari la kwanza. Mama alinifungulia mlango huku amejishikilia ukutani. Akanitazama, akamtazama mtoto, akaniuliza, "Nani amekuambia?"

Nilipiga magoti pale mlangoni, nikaanza kumvalisha viatu vya kwendea hospitali.