Jina la Binti wa Senzota

Hapo zamani, si zamani ya mababu, huko Usangi katika milima ya Upare, walikuwapo ndugu watatu yatima: Namkunda, Nakijwa na kitindamimba wao, Senzota. Senzota alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Maumivu yakimshika mifupani, nyumba nzima hailali.

Namkunda alikuwa na kichwa cha kemia. Akasoma hadi chuo kikuu, akavuka bahari, akaajiriwa na kampuni ya dawa. Kazi yake ilikuwa kuunda kemikali mpya zinazoweza kuwa dawa ya selimundu. Akaunda hii, ikagoma kuyeyuka. Akaunda ile, ikaunguza maini ya panya. Akabadili kidogo hapa, kidogo pale, ikashindwa tena. Wenzake walipanda vyeo wakahamia ofisini. Naye aliitwa awe mkuu wa idara, akakataa.

"Nikiiacha meza hii, nani atamkumbuka mdogo wangu?"

Posa zilikuja, zikapita. Mvua ikinyesha ugenini, alitamani harufu ya makande ya kwao mpaka machozi yakamtoka. Akipiga simu, Senzota humwuliza, "Dada, utakuja lini?"

"Nikiipata, mdogo wangu."

Miaka ikaenda. Mwisho Senzota akaacha kuuliza.

Akaipata. Lakini dawa isiyojaribiwa kwa binadamu bado si dawa. Akajitolea Elinami, msichana aliyezoeana na Senzota kliniki, naye mgonjwa wa selimundu. Akaelezwa hatari zake, akakubali, akameza. Maumivu yakapungua, ila sikio lake moja likaziba, halikuzibuka tena. Ndipo kipimo kikapunguzwa, na Senzota akapewa dawa iliyo salama.

Senzota akapona, akaoa, akapata binti. Namkunda akafunga mizigo, akarudi.

"Shikamoo, dada Namkunda. Karibu kiti," Senzota alimpokea kwa adabu, kama mgeni. Kisha akamwita Nakijwa aliyekuwa jikoni: "Da Kijwa! Shati langu la bluu liko wapi?"

Namkunda akatamani aulizwe yeye lile shati.

Siku ya kumpa mtoto jina, Senzota akasema, "Binti yangu ataitwa jina la aliyeniponya."

Nakijwa akasema, "Niliacha chuo cha ualimu nikukande kwa maji ya moto. Bila mimi, dawa ingekukuta kaburini."

Elinami akasema, "Nilitoa sikio langu. Bila mimi, dawa hiyo ingekudhuru wewe."

Namkunda akasema, "Mimi niliiunda. Sikukuona ukibalehe, sikuwapo ulipooa. Mtoto wa kuzaa sina. Nikifa, nani ataitwa Namkunda?"

Senzota akampakata bintiye, akawatazama mmoja mmoja.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mtoto yuko mapajani na watu wanangoja. Je, aitwe nani: Nakijwa, Elinami au Namkunda?