Hodi kwenye Nyumba Isiyo na Mlango

Nipeni masikio niwape kisa. Kikiisha, hukumu ni yenu.

Katika mji wa Kwamsele, ambako treni hupita bila kusimama, waliishi watu watatu wenye vipaji vitatu. Kidawa, muuza uji, alikuwa na jicho: alijua mteja amelala njaa kabla mteja hajaketi. Koplo Mwanahawa wa kituo cha polisi alikuwa na ulimi: neno lake lilitua penye jeraha lisiumize. Chande, mwashi, hakuwa na jicho wala ulimi. Alikuwa na bega, na aliyeliegemea hakuanguka.

Tena alikuwepo Mhina, seremala. Maradhi ya akili yalimnyang'anya kazi, kisha nyumba, akahamia kwenye kibaraza cha ghala lililofungwa, pale sokoni. Hapo alitandaza maboksi, akayapanga: hapa sebule, hapa chumba, na kizingiti akakichora kwa chaki. Watu walimcheka. Yeye alifagia.

Asubuhi moja mgambo wa soko walivuka chaki ile na viatu vyao, wakaanza kukusanya maboksi. Mhina akashika shoka lake la useremala.

"Wezi wameingia kwangu," akasema.

Mgambo wakarudi nyuma, wakapiga simu polisi waje na bunduki.

Kidawa alikuwa ameona mapema. Kwa siku tatu Mhina aliuacha uji aliompelekea ukapoa, akazungumza na watu wasiokuwepo. Alipowaona mgambo, aliacha sufuria motoni akakimbilia kituoni.

"Msipeleke bunduki, mpelekeni Mwanahawa. Yule si mhalifu, anaumwa."

"Wewe daktari wa wapi, mama uji?" askari wa zamu akamtania.

"Wa kikombe. Mgonjwa wangu hajanywa siku ya tatu leo."

Mwanahawa akaenda.

"Ingia tu, afande," mgambo wakamwambia, "hapa si nyumba ya mtu."

Yeye akavua mkanda wenye rungu na pingu, akauweka chini, akasimama nje ya mstari wa chaki.

"Hodi."

Mhina akalikaza shoka.

"Hodi, mwenye nyumba."

Shoka likashuka hadi begani.

"Hodi ya tatu. Usiponijibu nitaondoka, ndiyo ada."

Mhina akamtazama kama mtu aliyeamshwa. Mwaka wa nne ule, hakuna aliyembishia hodi.

"Karibu," akasema. "Vua viatu."

Na kwa kuwa mwenyeji hampokei mgeni akiwa na shoka mkononi, akaliweka chini.

Mwanahawa akampeleka hospitali, nayo ilikuwa na sharti: mgonjwa wa wodi ya maradhi ya akili hulazwa akiwa na mtu wa kumwangalia. Chande, aliyekuwa mtazamaji tu pale kibarazani, akajitokeza. Wiki sita alimfulia, alimlisha, alimpa vidonge kwa saa zake. Alitukanwa, siku moja alitupiwa bakuli usoni. Walipomwita kazini, alijibu, "Ukuta haupati homa. Utanisubiri."

Mhina akapata nafuu. Nesi akatoa fomu ya kumruhusu.

"Ndugu wa karibu," akasoma. "Mstari mmoja, jina moja. Atakayeandikwa ndiye atakayeishi naye, na ndiye atakayemsemea maradhi yakirudi. Bila jina, hatoki."

Kidawa na Mwanahawa nao walikuwa wamekuja kumchukua; mikono mitatu ikaifuata kalamu.

"Nisingeona mimi, mngekuta damu," akasema Kidawa. "Na yakirudi, nani atayaona kwanza?"

"Uliona siku tatu, dada, ukanyamaza," Mwanahawa akamjibu. "Yakirudi, wenye bunduki watakuja tena. Nani atasimama kati yao naye?"

"Afande, wewe ulikaribishwa nusu saa," akasema Chande. "Mimi nimekaa wiki sita."

"Wiki sita," Kidawa akamcheka, "na hujui hata uji wake huwekwa sukari kiasi gani."

"Haweki sukari. Huweka chumvi."



Nesi akamgeukia Mhina. Mhina akaisukuma fomu mbele yao.

"Mmoja aliniona," akasema, "mmoja akaniita, mmoja akanishika. Nikimwandika mmoja, nitakuwa nimewafukuza wawili. Nimepata nafuu juzi tu. Mzigo huu ubebeni ninyi."

Kalamu ipo mezani, mstari u mtupu, na mgonjwa amekwisha kuvaa viatu vya safari. Jicho, ulimi, au bega: wewe uliyesikiliza, ungeandika jina la nani?