Ngazi Isiyo na Kibao

Mchana wa Kariakoo una harufu zake. Kuna harufu ya vitenge vipya vikifunguliwa kutoka kwenye marobota, harufu ya jasho la wachukuzi wasukumao mikokoteni, na harufu ya mihogo ikikaangwa kwenye makarai kando ya barabara. Kasmir Massawe alizaliwa Kibosho, chini ya Mlima Kilimanjaro, lakini alikuwa amezivuta harufu hizo tangu ujana wake hata hakuzisikia tena. Duka lake la magauni ya kike lilikuwa jirani na Msimbazi, na nyumba yake ilikuwa Mchafukoge, ghorofani, mwendo wa kutembea kwa miguu.

Magauni yale aliyafuata Bangkok, na huko ndiko alikompata mkewe. Wanida alikuwa muuzaji katika soko la jumla la nguo. Safari ya kwanza Kasmir alirudi na mzigo. Safari ya pili alirudi na mzigo na mawazo. Safari iliyofuata alirudi na mke. Wanida alikuwa mdogo wa umbo, mkubwa wa kicheko. Kiswahili alikiokota dukani, na haukupita muda akawa anawaita wateja, "Karibu dadaangu, kuangalia ni bure!" kwa lafudhi iliyowafanya wanawake wa Kariakoo wacheke, na wakishacheka wanunue.

Mimba ndiyo iliyogeuza mambo. Ilikuja na ukorofi wake kama mpangaji asiyelipa kodi. Ugali, Wanida hakutaka hata kuusikia ukisongwa nyumba ya pili. Chipsi mayai zilimkimbiza chooni. Bi. Candida, mama yake Kasmir, alituma mkungu wa ndizi kutoka Kibosho ili mkwewe apikiwe mtori, maana kwao hakuna mjamzito aliyewahi kuukataa mtori. Wanida alimeza vijiko viwili kwa heshima ya mkwe, cha tatu kikamshinda. Akakonda kama ng'onda. Daktari wa kliniki alimpima, akamtazama Kasmir kwa jicho kali kana kwamba yeye ndiye anayemnyima mkewe chakula.

"Sema unataka nini, mke wangu," Kasmir alimsihi. "Hata kama kiko juu ya mnazi, nitapanda."

"Mchuzi wa kwetu," Wanida alijibu. "Wa nazi na mchaichai. Mchuzi unaokuchoma, halafu unakuomba radhi."

Kasmir hakuelewa mchuzi gani huo wenye adabu. Lakini alilielewa neno lililofuata, likamchoma kama mkuki.

"Nisipoupata hapa, nitaufuata kwa mama. Nitajifungulia huko."

Kasmir aliwajua watu waliokwenda kujifungua makwao wakaisahau njia ya kurudi. Tangu siku hiyo akaanza kuinadi Dar es Salaam kwa mkewe. Asubuhi alisifu upepo wa bahari. Mchana alisifu maembe. Jioni alisifu madaktari, umeme na hata foleni za magari, kwamba zinamfundisha mtu subira. "Bongo hakikosekani kitu, Wanida. Ni kutafuta tu!" Wanida aliitikia kwa kichwa, mkono tumboni, macho dirishani.

Rafiki yake Kitwana, muuza viatu wa duka la jirani, ndiye aliyejitwika kazi ya ushauri. "Kaka, unahangaika nini? Siku hizi kila kitu kimo kwenye simu!" Akamwonyesha tangazo la mkahawa mmoja wa ufukweni, wenye tembo wa dhahabu mlangoni na mabango njia nzima. Kasmir akampeleka mkewe Jumapili, wamevaa wakapendeza. Wahudumu waliwainamia huku wameunganisha viganja. Wanida akafurahi, akawasalimu kwa Kithai. Wakatazamana, kisha mmoja akajibu, "Karibuni sana." Mchuzi ulipokuja ulikuwa wa kijani kama rangi ya ukuta wa shule, mtamu kama uji wa harusi. Wanida aliuonja, akaweka kijiko chini taratibu.

"Vipi, mzuri?" Kasmir aliuliza.

"Sahani ni nzuri," Wanida alisema.

Mkahawa wa pili waliusikia kabla ya kuuona. Gari lenye vipaza sauti lilizunguka Kariakoo siku nzima likitangaza kari ya Kihindi, kari ya Kithai, pizza na biriani, vyote chini ya paa moja. Na kweli vilikuwa chini ya paa moja, tena ndani ya sufuria moja, kwa maana Kasmir alimwona mpishi kwa macho yake akichota kari zote mbili humo humo, kisha ile ya Kithai akaitupia kipande cha nanasi. Wa tatu walivutwa mikono barabarani. "Bosi! Mama kijacho! Hapa ndiyo namba moja Bongo, msipitwe!" Mpiga debe hakuwaachia hadi walipoketi. Kesho yake Wanida alikuwa amelazwa hospitali, dripu mkononi, midomo imemkauka.

Alipotoka alisema kwa upole, bila hasira, na upole huo ulimwogopesha Kasmir kuliko hasira. "Mume wangu, nikatie tiketi. Si mimi tu ninayelala njaa sasa. Tuko wawili."

Siku iliyofuata walikwenda pamoja ofisi ya ndege, wakakata tiketi ya Jumamosi ya wiki ya pili yake. Kasmir aliikata kama mtu anayejikata kidole.

Walipokuwa wakirudi nyumbani mvua ilinyesha, mtaa wao ukajaa maji. Wakapita kichochoro cha nyuma, kati ya majengo mawili ya zamani yenye roshani za chuma. Wanida alikuwa ameziba pua kwa ncha ya kanga, kama ilivyokuwa desturi yake kila wapitapo penye jiko. Ghafla akasimama.

"Subiri," akasema. Akaiondoa kanga puani.

Kasmir naye akanusa. Kulikuwa na harufu ya mbegu za haradali zikipasukapasuka kwenye mafuta ya moto, na majani ya mchuzi, na ukwaju. Kabla hajasema neno, mkewe alikwisha kushika ukuta na kuanza kupanda ngazi. Hapakuwa na kibao wala mshale wa kuelekeza watu. Mbele ya mlango uliokuwa wazi palikuwa na lundo la viatu tu: vya ngozi vya watu wa maofisini, makubazi ya wachukuzi, na kandambili za kila rangi.

Ndani palikuwa sebule ya nyumba ya mtu, yenye meza ndefu na watu waliokula kimya, wameinamia sahani za chuma kama wanaosali. Mmoja wao alikuwa Kartik, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye Kasmir alimfahamu miaka mingi.

"Kasmir! Nani kakuleta huku?"

"Pua ya mke wangu. Na wewe, ndugu yangu, umeniona nikihangaika mji mzima. Mbona hukuniambia?"

Kartik alishangaa kweli. "Uliniuliza mkahawa. Hapa si mkahawa. Hapa ni kwa Ilaben."

Mwenyewe akatokea jikoni, mama wa makamo aliyevaa sari ya pamba, mvi zimesukwa mkia mmoja mgongoni. Jina lake lilikuwa Ila, na wateja wote, hata wenye ndevu nyeupe, walimwita Ilaben, yaani dada Ila.

"Shikamoo, mama," Kasmir alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Poleni, chakula cha wageni kimekwisha. Njooni kesho, lakini muwahi."

Wanida hakusogea. Alisimama pale pale, akitazama sufuria tupu mkononi mwa yule mama, na machozi yakaanza kumtiririka bila sauti. Ilaben aliangalia tumbo lake, kisha mifupa ya mabega iliyochomoza chini ya gauni. Aligeuka akamwita mkwewe.

"Trupti! Lete sahani yangu."

"Lakini mama, wewe hujala tangu asubuhi," Trupti alijibu kutoka jikoni.

"Nimesema lete."

Sahani ikaja. Ilikuwa na wali, dengu zilizopikwa kwa ukwaju, sukari guru na karanga, na bilinganya ndogo zilizoogelea katika tui. Wanida akala tonge la kwanza. Kasmir alikwisha kunyanyuka nusu, tayari kumkimbiza chooni. Wanida akala la pili, na la tatu, halafu akasahau kwamba kuna watu. Alifuta sahani kwa kidole.

"Vipi?" Kasmir alinong'ona.

"Si wa kwetu," Wanida alisema. Akajipangusa uso. "Lakini ni dada yake."

Tangu siku hiyo Wanida akawa wa kwanza kuvua viatu kwenye mlango ule. Alikula, akakaa, na kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, akaanza kuwasaidia kumenya vitunguu. Ndipo Ilaben alipomwuliza, "Huo mchuzi wa mama yako unapikwaje, binti?"

Wanida alieleza kwa maneno na kwa mikono. Alipofika kwenye maji ya samaki waliovundikwa kwa chumvi, Ilaben aliweka kisu chini. "Hapo sahau. Jikoni kwangu samaki haingii, hata akiwa na viza. Tutatumia chumvi, na Mungu atatuelewa." Kidogo tu mzozo mwingine ukazuka. Wanida aliona chungu cha mrihani kwenye roshani, akanyoosha mkono kuchuma. Ilaben akapiga ukelele. "Ah, ah! Huyo tunamwabudu asubuhi, wewe unataka kumla mchana?" Wanida aliona aibu, akaunganisha viganja akiuomba radhi mmea wenyewe, na Trupti akacheka hadi akakaa chini.

Kwa hiyo Kasmir akatumwa sokoni kutafuta kivumbasi badala yake. "Kaka, unafukuza mbu?" wauza mboga walimtania.

"Nafukuza njaa," alijibu, akarudi na fungu la kivumbasi, mchaichai, majani ya mlimau na nazi begani.

Mara ya kwanza tui lilikatika na tangawizi ikazidi, ikawabidi waumwage mchuzi wote. Siku iliyofuata wakarudia. Wanida ndiye aliyeonja. Akafumba macho. Alipoyafumbua alianza kusema kwa Kithai, maneno mengi, haraka haraka, akimshika Ilaben mabega, na Ilaben alimjibu kwa Kigujarati. Hakuna aliyemwelewa mwenzake na hakuna aliyehitaji. Kartik alichungulia mlangoni na sahani yake mkononi. "Nini hicho kinachonukia? Mnamficha nani?" Kilikwisha kabla Ilaben mwenyewe hajapata. Kesho yake watu walikuja wakiulizia mchuzi wa kijani, na waliokosa waliapa kuwahi zaidi.

Damu ya biashara ikamchemka Kasmir. "Mama, huu ni mtaji! Tuweke bango kubwa pale chini. Nitamkodi Kitwana na kipaza sauti, azunguke Kariakoo yote."

Ilaben alimmiminia chai. "Mwanangu, tangu nianze kupika hapa sijamwita mtu hata mmoja. Aliyeshiba vizuri leo, kesho ananiletea mwenzake. Kama chakula changu ni kibaya, hicho kipaza sauti kitamdanganya mtu mara ngapi?"

Kasmir alikunywa chai ile polepole. Alikumbuka tembo wa dhahabu, gari la matangazo na yule mpiga debe aliyewavuta mikono. Kisha akajikumbuka mwenyewe, akiinadi Dar es Salaam asubuhi, mchana na jioni kwa mtu aliyekuwa anakufa njaa. Akaona haya. Alipofika nyumbani hakusifu upepo, hakusifu maembe. Alimwuliza mkewe siku yake ilikuwaje, akakaa akasikiliza.

Jumamosi ikafika. Mashavu ya Wanida yalikuwa yameanza kurudi, na mtoto alikuwa akipiga mateke ya mcheza mpira. Sanduku lilisimama mlangoni. Kasmir alilishika mpini, akasema tu, "Teksi ipo chini."

Wanida alimtazama. "Mbona siku hizi hunisifii Dar?"

"Sasa unaijua mwenyewe. Nikuambie nini?"

Wanida akachukua kanga yake, akaifunga juu ya tumbo. "Mwambie mwenye teksi aende zake. Ilaben ananingoja nikune nazi, na Jumamosi watu ni wengi. Mama yangu nitampigia simu, aje yeye."

Kasmir aliachia mpini wa sanduku. Akaketi juu ya sanduku lenyewe akicheka na kulia kwa pamoja kama mtoto.

Mama akaja kweli, siku chache kabla ya mjukuu wa kike kuzaliwa, mizigo imejaa viungo vya kumwokoa mwanawe na njaa ya ugenini. Wanida hakumweleza lolote. Alimpandisha ngazi zile, akamketisha mezani, akamwekea sahani. Bibi yule alikula kimya hadi mwisho, akamsogezea Ilaben sahani tupu aongezewe. Wakati huo nje, gari la matangazo lilipita likipiga kelele mtaa mzima, na ndani ya sebule ile hakuna aliyeinua kichwa kutoka kwenye chakula chake. Kweli, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.