Msusi Aliyeshtakiwa kwa Kunyamaza

Palikuwa na Liwali katika mji wa Ungwi, jina lake Azani bin Mkungu, mtu wa tumbo kubwa na masikio makubwa zaidi. Alitaka kusikia kila kitu. Ukipiga chafya chumbani kwako, yeye ataka kujua umeipigia nini. Barua zilifunguliwa bandarini kabla hazijafika kwa wenyewe, na askari wake waligandisha masikio kwenye milango ya watu kama kupe. Watu wakajifunza kunong'ona. Liwali alipoona mji umenyamaza, akasema kunyamaza kwenyewe ni njama.

Basi akaambiwa kuna mahali pamoja ambapo wanawake hawanong'oni, napo ni kwa Mize.

Mize binti Shomari alikuwa msusi. Mali yake yote ilikuwa chumba kimoja, ua wa makuti, chanuo na kopo la mafuta ya nazi. Nanyi mnajua, mwanamke akishakaa mkekani na kichwa chake kimo mikononi mwa msusi, habakizi kitu tumboni. Ya mume, ya mkwe, ya jirani, yote hutoka. Mize aliyasikia na kuyameza.

Liwali akamwita. "Kila Ijumaa utakuja kunieleza nani kasema nini."

"Mimi nasuka nywele, mheshimiwa. Maneno siyasuki."

"Basi utayafumua mbele ya kadhi."

Akamshtaki siku hiyo hiyo.

Habari ilipoenea, uani kwa Mize hakukanyaga mtu, isipokuwa Zuhra, mke wa mfinyanzi. Kaka yake Zuhra alikuwa ametoroka kazi ya kulazimishwa shambani kwa Liwali, na Zuhra ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula mafichoni. Siri hiyo alikuwa ameitoa mwezi uliotangulia, hapo hapo mkekani, nywele zake nusu zimesukwa.

"Dada Mize, ukisema, kaka yangu hana maisha."

"Nani kakwambia nitasema?" Mize alijibu.

Siku ya shauri baraza likajaa mpaka madirishani. Kadhi wa Ungwi alikuwa Shehe Fumu, msomi mkubwa, mwenye tabia ya kumtazama Liwali usoni kabla ya kutoa hukumu, kama mtu atazamaye mawingu kabla ya kuanika mpunga.

"Mize binti Shomari, umeshtakiwa kwa kuficha maneno ya watu. Una la kujibu?"

"Nina la kuuliza kwanza, Shehe. Mheshimiwa Liwali anayataka ya nini?"

Liwali akasimama, akatanguliza tumbo. "Mtu mwema hana la kuficha. Anayeficha ni mwovu."

"Kila anayeficha?"

"Kila anayeficha."

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa nani," alisema Liwali, akiwageukia watu waone alivyo mwadilifu.

"Naomba karani aandike hivyo." Karani akaandika. "Sasa nitasema yote."

Watu wakaguna. Zuhra, kule nyuma, akaegemea ukuta.

"Nianze na nani, mheshimiwa?"

"Anza na uliyemsuka mwisho. Maneno yake yangali mabichi."

"Niliyemsuka mwisho ni Bi Rukia, mkeo. Alikuja siku moja kabla hujanishtaki. Nilimsuka mistari kumi na miwili, akakaa mkekani kwangu tangu saa tatu hadi adhuhuri. Nianze na ya jikoni, au nianze na ya chumbani?"

Jasho likamtoka Liwali chini ya kilemba.

"Ya nyumbani kwangu hayamo katika shauri hili."

"Ya nyumbani kwa wengine yameingiaje?"

"Nyumba yangu ni nyumba ya heshima, mwanamke wewe."

"Ndiyo maana nikaitanguliza."

Kicheko kikaanzia dirishani, kikaingia ndani, kikazunguka. Liwali akamgeukia kadhi. "Shehe, mkataze."

Shehe Fumu akamtazama Liwali usoni, kisha akatamka: "Ya nyumbani kwa Liwali yasisemwe."

"Nimetii, Shehe. Ni nyumba hiyo peke yake?"

"Peke yake."

"Basi karani aandike kwamba Ungwi nzima, nyumba yenye la kuficha ni moja. Naomba aiweke chini ya yale maneno ya mheshimiwa kwamba anayeficha ni mwovu. Akimaliza nitaendelea na nyumba za watu wema."

Karani akachovya kalamu.

"Usiandike," alisema Liwali.

"Sasa aandike nini?" Mize akauliza. "Nyumba zote zifunguliwe, au zote zifungwe? Mimi ni msusi tu, chagueni wenyewe."

Kadhi akamtazama Liwali. Liwali akaitikia kwa kichwa upesi upesi, kama kuku anayedonoa, kwamba zifungwe, na hukumu ikatoka: maneno aliyoyasema mtu kwa siri, katika nyumba ya mkubwa au ya mnyonge, ni mali yake mwenyewe. Atakayeyadai, awe Liwali au nani, na atakayeyatoa bila idhini ya mwenyewe, kifungo mwezi mmoja. Liwali akagonga muhuri kwa mkono wake. Zuhra akajifunika kanga usoni, akalia.

Mize alikuwa amekwisha kutoka nje aliposikia mtu akihema nyuma yake. Ni Liwali, peke yake, bila askari.

"Mize," alisema kwa sauti ya chini, "mke wangu alisema nini?"

Mize akamkumbuka Bi Rukia, alivyosinzia mdomo wazi tangu mstari wa kwanza hadi wa kumi na mbili, asitamke hata neno moja.

"Kwa kuuliza tu, mheshimiwa, umekwisha kujipatia mwezi mmoja. Mimi nikijibu tutafungwa sote wawili, na watu watasema tumependana."