Nundu Kwenye Mchoro wa Sauti

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maana yake, anayefunika donda kwa kitambaa ajue kwamba ipo siku donda litanuka hadharani na kitambaa hakitamsitiri. Walichosahau kuongeza ni kwamba aghalabu mficha ni mkubwa na anayezikwa ni mdogo. Maradhi ya hadithi hii hayakuwa mwilini mwa mtu. Yalikuwa kwenye paa.

Paa lenyewe lilikuwa la jumba jipya la abiria katika stesheni ya treni, limepinda kama bakuli lililofunikwa. Kazi ya kuhakikisha kwamba matangazo ya dharura yangesikika humo alipewa mhandisi wa sauti, mwanamke ambaye ofisi nzima ilimwita Sikio. Alilijenga jumba upya ndani ya kompyuta, akaweka spika mahali pake, kisha akafyatua miale ya sauti maelfu kwa maelfu, igonge kuta, idunde, itawanyike hadi ichoke.

Programu ilimpa picha ya kupendeza, miale ya rangi imejaa jumba kama nyuzi za mfumaji. Meneja aliipenda, akaitundika ukutani. Lakini picha haina saa. Haisemi mwale upi ulitangulia na upi ulichelewa. Kwa hiyo Sikio aliandika amri zake mwenyewe, mstari baada ya mstari: chukua kila mwale unaofika kwenye ngazi za kutokea, soma nguvu yake, ipange kwa kufuata muda. Akabonyeza. Mchoro ukatokea, mstari wake ukishuka taratibu, kama ulivyopaswa. Halafu, pale ulipopaswa kufa, ukainuka tena. Nundu, karibu sawa na sauti ya kwanza.

Paa lilikuwa likizoa mwangwi na kuumwaga wote ngazini. Mtu aliyesimama pale angesikia kila neno limekanyagwa na lililotangulia.

"Iondoe," Meneja alisema alipooneshwa.

"Sikuiweka mimi, bosi. Ni paa."

"Paa limeshafungwa. Kulivika upya kitambaa cha kufyonza mwangwi ni kuahirisha ufunguzi, na wageni wameshaalikwa. Hizo amri zako si zina mahali pa kuandika muda wa kuanzia na wa kuishia?"

"Zina."

"Basi ziishie kabla ya nundu. Mchoro utakuwa safi kama sahani."

"Mchoro utakuwa safi. Na ngazi je?"

Meneja akaguna. "Wewe uliajiriwa usikie, si uropoke. Hebu toka kwenye kiti."

Akaketi mwenyewe, akafuta tarakimu moja, akaandika nyingine ndogo. Nundu ikatoweka. Waliokuja kuidhinisha jumba walipiga makofi. Sikio alibisha mlango wa mkurugenzi, akaambiwa apitie kwa meneja wake; kesho yake akahamishiwa mradi wa maghala.

Nyumbani alikoishi na dada yake mkubwa, aliisukuma sahani kando. Dada huyo ndiye aliyekuwa mtangazaji wa stesheni.

"Dada, siku ya zoezi la dharura sema polepole. Neno, pumua. Neno, pumua."

"Niongee kama nimemeza mwiba?" Dada alicheka. Kisha akauona uso wa mdogo wake, na kicheko kikamfia mdomoni. "Kumbe hali ni mbaya hivyo?"

"Nimesema hadi ulimi umeota sugu."

"Nikikataa mimi watamweka asiyejua lolote. Afadhali niwe mimi, mdogo wangu."

Siku ya zoezi, wafanyakazi wote walijazwa jumbani. Moshi wa kuigiza ukafukizwa. Dada akatangaza, neno, pumua, neno, pumua: geukeni, tumieni lango kuu, mlango ulio mwisho wa ngazi umefungwa kwa ajili ya zoezi. Ngazini watu walitazamana; hakuna aliyeelewa. Mara mtambo wa moshi ukatoa cheche, cheche zikashika turubai, na mchezo ukageuka moto wa kweli. Nani angepumua hapo? Dada alipaza sauti, akaharakisha, na paa likaigeuza sauti yake kuwa ngurumo. Wa nyuma walisukuma, wa mbele wakagota kwenye mlango uliofungwa. Moto ulipozimwa, mfagizi wa stesheni, mama mcheshi aliyewatania wachukuzi kila asubuhi, alikuwa amelala kwenye ngazi alizozifagia mwenyewe. Hakuamka.

Baada ya mazishi, mkaguzi wa usalama aliwaita wote jumbani.

"Mtangazaji alipayuka," Meneja alisema bila kupepesa macho. "Mchoro wetu ni huu hapa. Hauna doa."

Waliokuwa karibu na Dada wakaanza kumtazama kama muuaji. Hapo Sikio akapenya katikati ya watu.

"Mheshimiwa, huo mchoro umekatwa mkia. Lakini usiniamini mimi, wala usiuamini mchoro. Mpe Meneja kipaza sauti. Sisi tusimame ngazini, atuelekeze polepole apendavyo."

"Mimi si mtangazaji!" Meneja aling'aka.

"Na waliosimama ngazini hawakuwa wahandisi," mkaguzi alijibu. "Panda."

Meneja akapanda kwenye chumba cha matangazo, kule juu nyuma ya kioo. Ngazini walisimama wachukuzi, wakata tiketi, dada, Sikio, na mume wa marehemu akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Sauti ikatoka, taratibu, nzito, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Ikagonga paa, ikarudi, ikajikanyaga yenyewe.

Mkaguzi akamgeukia yule mgane. "Amesema twende wapi, mzee?"

Mzee alitega sikio kwa muda mrefu. Alitaka kwa moyo wote kuelewa.

"Sijui, mheshimiwa. Ananguruma tu."

Nyuma ya kioo, Meneja hakulisikia jibu. Aliona tu kwamba hakuna aliyesogea, basi akazidi kupaza sauti, akipunga mikono, akitokwa na jasho, akiwaamuru watu waliosimama kimya wakimtazama. Hakuna aliyepanda kumwambia anyamaze. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na huyu kilimuumbua kwa kinywa chake mwenyewe.