Damu Iliyokataliwa

Wahenga walikuwa watu wa staha, lakini zipo siku waliiweka staha kando ili neno lao lieleweke. Siku moja kati ya hizo walisema: mficha uchi hazai. Maana yake si ngumu. Mwenye kutaka mtoto hana budi kuvua haya mbele ya mwenziwe, na siku ya uchungu aivue tena mbele ya mkunga. Vivyo hivyo, mwenye shida hana budi kuifunua mbele ya yule awezaye kumsaidia. Akiificha, itamla kama mchwa alavyo nguzo, kimya kimya. Yaliyomfika Skolastika wa Kipatimu ni ushahidi tosha.

Skolastika aliolewa na Sipriani, mkulima wa machungwa katika vilima vya Umatumbi. Walipendana kama chanda na pete. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Flora, ambaye hakuwahi kutembea. Homa na kuhara vilimwandama tangu akiwa mchanga, akakonda, akazimika kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Baada ya maziko, majirani waliacha kuwaita Mama Flora na Baba Flora, wakidhani wanawapunguzia uchungu. Wenyewe wawili waliendelea kuitana hivyo ndani ya nyumba. Miaka ikapita, na Skolastika hakushika mimba nyingine.

Zilikuwa zama za biashara huria. Mitumba ilijaa minadani, na redio zikatangaza kila kitu, lakini machungwa ya Kipatimu yaliendelea kuozea shambani mvua ilipokata barabara. Ndipo habari ilipofika kwamba wanawake wanachukuliwa kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani.

"Niende miaka miwili tu," Skolastika alimwambia mumewe. "Nikirudi twende Dar kwa daktari bingwa, tujue kwa nini sishiki mimba. Mimi nataka mtoto, Baba Flora. Nataka mpaka naota nanyonyesha."

"Nyumba hii bila wewe ni pango," Sipriani alisema. Hata hivyo alikubali. Alimsindikiza hadi Njia Nne, akasimama kando ya barabara mpaka vumbi la basi likatulia.

Jijini, wakala aliyemtafutia kazi alimkabidhi cheti cha afya bila sindano kumgusa. "Dada, wewe unaonekana tu kwamba ni mzima," alisema huku akicheka. Skolastika naye alicheka. Hakujua kwamba kicheko kile kingemtokea puani.

Kule alikofikia, wiki ya kwanza tu, dereva wa tajiri wake alimpeleka kwenye kliniki kubwa iliyong'aa kama kioo. Wanawake wa mataifa mbalimbali walipanga foleni, mmoja baada ya mwingine, mkono nje. Alichomwa sindano, damu ikajaa kichupa, akaonyeshwa mlango. Hakuna aliyemwambia anapimwa nini, wala aliyemuuliza kama yu radhi.

Siku chache baadaye watu wawili wenye sare walimjia. Walivaa mipira mikononi kabla ya kumshika. Walimwingiza katika chumba chenye wanawake wengine, wakafunga mlango kwa ufunguo. Madirisha hayakufunguka. Baridi ya mashine ilivuma usiku na mchana, naye akatamani mvua ya kwao, ile inayotangulia kunukia udongo kabla haijanyesha. Humo ndani mlikuwa na msichana mmoja wa Mombasa aliyejua Kiarabu kidogo.

"Nimefanya kosa gani?" Skolastika alimuuliza.

"Huna kosa, dada. Damu yako imekataliwa."

"Imekataliwa kwa nini?"

Msichana yule aliinamisha uso. "Ugonjwa ule. Hata mimi ni huohuo."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa faraja yake. Walimpandisha ndege kama furushi.

Kutoka Dar es Salaam alipanda basi la kusini. Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia Sipriani. Lakini basi lilipofika Njia Nne, mahali pa kushukia wanaokwenda Kipatimu, miguu yake iligoma. Kondakta aliita mara ya pili: "Kipatimu hapa! Kipatimu!" Skolastika alitazama ile barabara nyekundu inayopanda vilimani, akafumba macho. Basi likaondoka naye. Alishuka Nangurukuru, asikojulikana na mtu.

Hapo alimwangukia Bi Mwanaima, mama lishe aliyekuwa na banda la makuti karibu na kituo. Alimwambia amefiwa na hana pa kwenda. Bi Mwanaima hakumhoji. Alimpa kanga, sufuria za kuosha, na mahali pa kulala.

Tangu siku hiyo Skolastika aliishi jirani na kwao kama aishivyo mtu wa ng'ambo. Magari ya Kipatimu yalipofika na machungwa, matairi yao yalikuwa yamegandwa na udongo mwekundu, naye akipita hujifanya anafunga kamba ya kiatu ili auguse udongo ule. Wateja waliposemezana Kimatumbi, aliacha alichokuwa akikifanya na kusikiliza, hata kama walizungumzia bei ya chumvi. Jumapili aliikumbuka kengele ya misheni na ukungu unaokaa mabondeni mpaka watu watoke kanisani. Siku moja alimwona Sipriani mwenyewe juu ya magunia, amekonda, mashati mawili mwilini kana kwamba anasikia baridi peke yake. Alikimbilia jikoni, akajiziba mdomo kwa kanga mpaka gari likaondoka. Kisha alilia kwa kuwa limeondoka.

"Wewe mwanangu una nini?" Bi Mwanaima aliuliza hatimaye. "Kila gari la Kipatimu likiingia unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutaga."

"Sina kitu, mama."

"Haya. Asiye na kitu halii."

Mwaka ulipita. Mkanda wa jeshi ukamtoka ubavuni, malengelenge yakamuunguza kama maji ya moto. Bi Mwanaima alimsihi aende hospitali. Skolastika alikataa katakata, kwani aliona daktari yeyote atamfungia mlango kama wale wa ugenini. Alijitibu kwa majani na kwa kunyamaza.

Msimu wa machungwa uliofuata, saa ya chakula cha mchana, alikuwa nyuma ya banda akikuna nazi. Sauti iliyotoka upande wa pili wa ukuta wa makuti ilimfanya ashikilie kifuu bila kukisogeza.

"Bi Mwanaima, hapa hupita watu wa kila namna. Hujapata kumwona mtu anayekwenda Uarabuni?"

Alikuwa Sipriani.

"Una nani huko, baba?"

"Mke wangu. Tangu aondoke sijapata habari zake."

"Na ukimpata wa kumtuma, ungempelekea neno gani?"

"Neno lenyewe zito. Nilikohoa sana mwaka jana, misheni wakanipima kifua, kisha wakanishauri nipime na damu. Ninavyo virusi, mama. Mshauri nasaha alikaa nami akanieleza vizuri, akanihimiza nisimfiche mke wangu. Lakini nikimwambia, hatarudi. Na akirudi bila kujua nilivyo, nitakuwa nimemdhulumu. Basi aambiwe hukohuko, aamue mwenyewe."

Nyuma ya ukuta, Skolastika alikiweka kifuu chini. Mzigo aliodhani ni wake peke yake, mumewe alikuwa akiubeba uleule, kilima kwa kilima. Mara akaogopa. Akibaki pale pale, ataendelea kupendwa na kusubiriwa na mume asiyejua lolote. Akitoka, ataonekana alivyo, na huenda akaulizwa swali lisilo na jibu. Alisimama. Nazi iliyokunwa ilikuwa imemganda vidoleni.

"Baba Flora," aliita.

Sipriani aligeuka. Bakuli lilimponyoka, likamwaga mchuzi juu ya meza. "Mama Flora! Umerudi lini?"

Hakuna swali aliloliogopa kama hilo. "Mwaka jana. Nipo hapa tangu siku niliyorudi."

"Mwaka jana?" Furaha ilimtoka Sipriani usoni kama maji yamtokavyo aliyechota kwa pakacha. "Mimi napita hapa na magunia, na wewe upo? Naomba rozari kila jioni kwa ajili yako Uarabuni, na wewe upo hapa unakuna nazi?"

"Walinipima kule. Walinipima bila kuniambia, wakanifungia, wakanirudisha. Damu yangu ilikataliwa. Niliona hata wewe utaikataa."

Sipriani alitoka nje, akaenda kusimama kando ya gari, mgongo kwao. Dereva alipiga honi. Skolastika hakumfuata. Bi Mwanaima alimshika bega na kumwambia taratibu, "Mwache. Mwaka mzima umemficha, mpe japo muda wa kupumua."

Aliporudi, macho ya Sipriani yalikuwa mekundu. "Ni nani aliyempa mwenziwe?" aliuliza.

"Sijui, mume wangu. Nakuapia sijui."

"Hata mimi sijui. Tukianza kutafuta jibu, tutalitafuta mpaka tuzikane." Alifuta mchuzi mezani kwa kiganja. "Kusanya vitu vyako. Gari linaondoka."

Kesho yake walikwenda pamoja kwenye zahanati ya misheni. Mshauri nasaha, mwanamama aitwaye Rosemary, alifunga mlango, lakini hakuufunga kwa ufunguo. Ugenini, sindano ilikuja bila neno. Hapa maneno yalitangulia sindano. Alimweleza Skolastika kipimo ni cha nini na majibu yana maana gani, akamuuliza kama yu tayari. Majibu yalipotoka, alingoja mpaka Skolastika alipomaliza kulia.

"Flora wetu, je?" Skolastika aliuliza. "Ndiyo maradhi haya yaliyomwondoa?"

"Hatuwezi kujua kwa hakika, dada yangu. Huenda."

Lilikuwepo swali moja zaidi, ambalo Skolastika hakupata kulitamka hata katika sala, kwa kuona kwamba mtu mwenye damu iliyokataliwa hana haki ya kulitamka. Alijikaza.

"Mtu kama mimi anaweza kuzaa?"

Sipriani alishtuka, akatazama sakafu. Rosemary akatabasamu kidogo. "Umefanya vema kuuliza. Wengi huondoka nalo moyoni. Kwanza mwili upate nguvu. Dawa za kupunguza makali zimeanza kuletwa hospitali ya wilaya. Ukishika mimba, usimfiche mkunga. Ipo dawa ya mama na ipo ya mtoto. Hatari haiishi yote, lakini hupungua sana."

Haikuwa njia rahisi. Kufuata dawa kulikuwa safari ya kutwa juu ya magunia, na mara nyingine gari lilikwama matopeni. Kanisani, wapo waliohama benchi walipoketi wao. Lakini nyumba haikuwa pango tena. Skolastika alinenepa, malengelenge yakabaki makovu, na mwaka wa pili tumbo likaonekana.

Siku ya uchungu alimwambia mkunga kila kitu kabla hajapanda kitandani. Alipewa dawa, na mtoto alipozaliwa alipewa yake. Alikuwa mvulana, wakamwita Eusebio. Alinyonya ziwa la mama tu, bila uji wala maji, mpaka walipoelekezwa kumwachisha. Kisha wakaanza kungoja, kwa kuwa majibu ya uhakika yasingepatikana hadi avuke mwaka na nusu. Katika kungoja huko, kila homa ya mtoto iliwakosesha usingizi, na Skolastika alipomwona akijitahidi kusimama aligeukia pembeni, asiweze kutazama.

Eusebio aliingia mwenyewe kwa miguu siku waliyokwenda kuchukua majibu. Rosemary aliwakaribisha, akasoma, akainua uso.

"Hana virusi."

"Sema tena," alisema Skolastika.

"Mtoto wenu hana virusi, Mama Eusebio."

Skolastika alimpakata mwanawe, akamnusa utosini kwa muda mrefu. Alimkumbuka Flora, na uchungu ulikuwa palepale, furaha haikuufuta. Alimkumbuka na yule msichana wa Mombasa, akajiuliza kama amepata mahali pa kusemea. Sipriani aliwafunika wote wawili kwa mikono yake, na safari hii hakuona haya kulia mbele za watu. Laiti Skolastika angeendelea kujibanza nyuma ya ukuta wa makuti, leo asingekuwa na wa kumpakata. Hakika, mficha uchi hazai.